Mtaro Haujui Kusoma

Kila msimu wa uchaguzi, steshenari yangu hapa Milanzi hugeuka kliniki ya watu wenye homa ya uongozi. Wanaingia mmoja mmoja, wanatazama nyuma kama watu waliokuja kununua dawa ya aibu, halafu wananong'ona: "Ndugu, nichapie wasifu." Nawachapia. Mtu aliyehudhuria semina moja ya ufugaji wa nyuki namwandika kuwa ana uzoefu katika maendeleo ya jamii. Aliyekaa jela kidogo kwa kumpiga shemeji yake namwandika kuwa amewahi kuishi katika mazingira magumu. Kwa miaka mingi nimewatengeneza viongozi kama seremala anavyotengeneza majeneza, kwa uangalifu mkubwa na bila hamu yoyote ya kuingia mwenyewe.

Basi nieleze nilivyoingia.

Mtaa wetu umekatwa katikati na mtaro. Upande wa juu kuna barabara ya changarawe, kanisa, maduka, na nyumba yangu. Upande wa chini kuna nyumba nyingi zaidi, na baada ya nyumba kuna mashamba ya mahindi na ulezi, kwa maana Milanzi ni mji asubuhi na ni shamba mchana. Zamani pande hizi mbili ziliunganishwa na kalavati. Mvua za mwaka juzi zikalimeza. Tangu hapo watu wanavuka juu ya magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa na jirani yangu mmoja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake tukiwa vijana wote wawili. Huyo ni mtani wangu. Aliyalaza magogo yale siku moja bila kumwambia mtu, akasema anatuhurumia sisi Wafipa kwa sababu usiku tunaruka kwa ungo lakini mchana tunashindwa kuvuka mtaro.

Mimi sikulaza gogo. Mimi niliandika makala. Nina safu ndogo katika gazeti moja la kila wiki, na kalavati lilinipa mali ghafi ya kutosha. Katika makala ya kwanza nililalamika. Katika ya pili nilifanya dhihaka. Katika ya tatu, Mungu anisamehe, nililinganisha mtaro wetu na mitaro ya miji ya kale, nikamaliza kwa swali zito kuhusu hatima ya ustaarabu. Rafiki yangu wa chuoni alinipigia simu kutoka Dodoma kunipongeza. Mtaro ulibaki palepale.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukiwa unakata masikio, nilisikia kelele kutoka mtaroni. Nilipofika nilimkuta Shangazi amekaa ndani ya mtaro, sketi imelowa maji ya vyombo ya nyumba za juu, na kapu lake limepinduka. Huyu si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa mtaa mzima, mjane mwenye shamba la ulezi upande wa chini na sauti inayofika mpaka upande wa juu. Aliwahi kuimba kwaya ya kigango, akaombwa kupumzika kwa sababu alikuwa akiongeza maneno yake katikati ya nyimbo. Alikuwa anavuka na masuke ya ulezi kichwani, gogo likageuka. Kiwiko kilichubuka tu. Lakini masuke yalikuwa yanaelea kwenye maji yale machafu kama kitu kilichotupwa.

Nikashuka, tukaokota yaliyookotika. Katika kutafuta neno la kufariji nikasema, "Shangazi, jambo hili nimeliandika mara nyingi."

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nimesikia, mwanangu," akasema huku akikamua sketi. "Ila mtaro haujui kusoma."

Nilirudi dukani na maneno yale yakinifuata njia nzima. Na kama vile siku ile ilikuwa imepangwa, mteja wangu wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye koti la suti juu ya sweta, aliyetaka wasifu wa kugombea udiwani wa kata yetu hii hii. Nikawasha kompyuta. Nikaandika jina. Nikaandika elimu. Tulipofika kwenye malengo, nikamuuliza, kwa kawaida tu:

"Na kalavati, mheshimiwa?"

"Kalavati gani?"

Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. Nakumbuka vizuri nilivyosikia masikio yakipata moto, katika baridi ile. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kutimiza hamsini. Kwa umri huo mtu huamini ameshakutana na mawazo yake yote, na sasa hili hapa wazo jipya, limeingia dukani bila kubisha hodi na limekataa kukaa. Nilimaliza wasifu wake, nikamtakia kila la heri kwa unafiki safi, nikafunga mlango, nikaanza kutembea humo ndani, kutoka kwenye mashine ya fotokopi hadi kwenye daftari za shule na kurudi.

Mke wangu hushona sare za shule katika chumba cha nyuma. Cherehani yake ndiyo saa yetu. Ikilia, mambo ni salama. Nikasimama mlangoni.

"Nimeamua kuchukua fomu."

Ikaendelea kulia. "Fomu ya nini, ya bima?"

"Ya udiwani."

"Ya nani?"

"Yangu."

Cherehani ikanyamaza. Akavua miwani, akaniangalia kama anavyoangalia kitambaa ambacho mteja amedai kinatosha suruali.

"Baba, si wewe unayezunguka njia ya kanisani kumkwepa jogoo wa jirani?"

"Yule jogoo ana matatizo yake binafsi."

"Na hao utakaokaa nao kwenye baraza, hawana matatizo binafsi?"

Nikamweleza. Nilianza na Shangazi, nikaenda kwa bwana wa suti, nikapanda polepole hadi wajibu wa msomi katika jamii. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwa msomi, akainua mkono.

"Mwisho wa kuchukua ni lini?"

"Ijumaa saa kumi."

"Vizuri. Shangazi anapiga ulezi wake Alhamisi. Kapige. Ukitoka pale bado unautaka huo udiwani, Ijumaa twende wote, na nitakushonea shati. Ukitoka pale umenuna, unafungua duka kama kawaida, na habari hii tusiisikie tena katika nyumba hii."

Asiyejua kwetu anaweza kuona kwamba hilo ni sharti jepesi. Ngoja nieleze. Ulezi ukishakauka humwagwa juu ya uwanja uliosiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Watu hujipanga safu mbili zinazotazamana, kila mmoja na fimbo ndefu. Safu hii inapiga, ile inainua, ile inapiga, hii inainua. Mtu mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitika, na wimbo ndio unaozishika fimbo pamoja. Ukipoteza wimbo, fimbo yako itakutana na fimbo ya mtu hewani, au na kichwa chake. Siku hizi zipo mashine, lakini Shangazi hataki kuzisikia. Anasema mashine haina masikio.

Hapo ndipo penye jambo. Katika uwanja wa ulezi wa Shangazi, anayeongoza anaruhusiwa kumwimba yeyote kwa lolote. Mume mlevi ataimbwa na mke wake yupo. Katekista ataimbwa. Mwenyekiti wa mtaa aliimbwa mwaka jana akaenda kuishi kwa mwanawe huko Muze hadi mvua zilipoanza. Na anayeimbwa hana ruhusa ya kujibu. Anapiga tu na kuitikia kama wengine, hata kama anaitikia aibu yake mwenyewe. Fimbo hazisimami mpaka lundo la masuke limalizike. Huo ndio usaili alionipangia mke wangu, na nilijua vizuri kwamba habari zangu zilikuwa zimeshafika chini kabla yangu.

Zilikuwa zimefika kweli. Alhamisi nilipokuwa naelekea huko, vijana wa bodaboda wa kwenye kona walisimama wote.

"Oya, mheshimiwa! Mambo!"

"Shikamoo mheshimiwa, lami lini?"

Nilitaka kukasirika, lakini nilipoangalia ndani yangu nilikuta natabasamu. Nilitaka kubeba sukari kidogo ya kumpelekea Shangazi kwa ajili ya chai ya wapigaji, mke wangu akanipokonya mlangoni. "Hiyo sasa inaitwa rushwa," akasema. "Nenda na mikono yako." Nikaenda na mikono yangu, ambayo kwa miaka ishirini haikuwa imeshika kitu kizito kuliko boksi la karatasi.

Watu walikuwa wengi, wengine sijawahi kuwaona kwenye ulezi wowote. Nilipewa fimbo, nikawekwa katikati ya safu. Mbele yangu, uso kwa uso, alisimama mtani wangu Msukuma, aliyekuja na mkokoteni wake wa maksai kuleta masuke kutoka shambani.

"Mfipa," akasema kwa upole mkubwa, "ungo umekushinda, sasa unataka kuruka kwa udiwani?"

"Wewe chunga ng'ombe wako wasile ulezi wa watu," nikajibu.

"Ng'ombe wangu wana adabu. Hawajawahi kuandika makala."

Shangazi akakohoa, akaanza. Wimbo ulikuwa wa Kifipa. Naufasiri hapa na utapoteza nusu ya sumu yake.

*Fundi wa karatasi,*
*umeandika, umechoka.*
*Umeusifia mtaro,*
*mtaro umenenepa.*

*Umenenepa!* wakaitikia watu thelathini, fimbo zikashuka puu. Nami nikaitikia, umenenepa, puu. Haikuwa mbaya. Nikajiambia kwamba kama ni haya tu, nayaweza. Akaimba viatu vyangu. Akaimba Kiswahili changu cha gazeti, kwamba nikiomba chumvi mke wangu hutafuta kamusi. Watu walicheka huku wakipiga, vumbi la ulezi likapanda, jua likatoboa baridi, mgongo wangu ukaanza kutoa jasho, na nikagundua kwamba nafurahi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiuandika mtaa ule kutoka dirishani. Sasa nilikuwa katikati yake na unanipiga makofi ya mgongo.

Kisha Shangazi akashusha sauti.

*Nyumba yake iko juu,*
*kanisa lake liko juu.*
*Magogo anayaandika,*
*nani amemwona akivuka?*

*Nani amemwona?* Puu.

Ilikuwa kweli. Tangu kalavati liende na maji sikuwahi kuyavuka yale magogo. Nikiwa na shida upande wa chini nilizunguka kwa barabara kubwa, hata leo asubuhi nilikuwa nimezunguka, na sikuwahi kujiona nikizunguka. Makala tatu, na sijui gogo lile linageukia upande gani.

Hapo nikafanya kosa ambalo ni msomi tu anaweza kulifanya kwenye uwanja wa ulezi. Nilishusha fimbo, nikanyoosha kidole, nikasema: "Jamani, naomba nifafanue. Kwanza..."

Sikufika kwenye pili. Fimbo ya mtani wangu, iliyokuwa inategemea kwamba yangu itakuwa inapanda, ilipiga pasipo na kitu, ikadunda, ikaruka, ikamkosa kuku kwa unywele mmoja. Jirani yake akamgonga kiwiko. Safu nzima ikavurugika kama watoto walioangukiana kwenye foleni ya uji. Nilisikia maksai wakitafuna.

"Fimbo zimesimama," akasema mama mmoja, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Desturi iko wazi. Anayesimamisha fimbo ndiye anayechukua wimbo, na anaongoza mpaka ulezi umalizike. Akishindwa, anaondoka uwanjani, na hao hao watamsimulia. Shangazi alijipangusa uso kwa kanga, akakaa juu ya gunia.

"Haya, mwanangu. Ulikuwa unafafanua."

Niliangalia lundo la masuke. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Nikamwona mke wangu amesimama pembeni ya uwanja na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Hakuwa ananicheka. Alikuwa anasubiri kuona, kama mimi nilivyokuwa nasubiri. Nikajua kwamba nikifungua kinywa kujitetea, nafungua duka Ijumaa.

Nikafungua kinywa. Kilichotoka kwanza kilikuwa "Ndugu wananchi," kwa mdundo wa mtu anayekohoa, na watu wakaangua kicheko. Mtani wangu aliishikilia fimbo yake isianguke. Lakini kicheko kile kilinisaidia, kilinipa muda wa kupumua. Nikainua fimbo. Sikuwa na wimbo wangu, basi nikauchukua wa Shangazi kama ulivyo, nikauvaa mwenyewe:

*Nyumba yangu iko juu,*
*kanisa langu liko juu.*
*Magogo nayaandika,*
*nani ameniona nikivuka?*

Mtu mmoja, nadhani alikuwa mwalimu wa chekechea, akasema kwa sauti nyembamba, *Hakuna!* Na uwanja mzima ukampokea: *Hakuna!* Puu.

Fimbo zikaamka. Niliimba Shangazi alivyokaa kwenye maji ya vyombo nami nikampa takwimu za makala zangu. Nilimwimba rafiki yangu wa Dodoma aliyenipongeza. Nilimwimba jogoo. Nilipomfikia jogoo, mtaa mzima ulikuwa unaijua habari ile kuliko mimi, wakawa wananisaidia beti. Sauti yangu ni mbaya, tena si ubaya wa kusemwa kwa unyenyekevu, ni mbaya kweli, na Kifipa changu kina kutu ya miaka ya shule za bweni. Lakini fimbo hazikusimama tena. Nilipiga mpaka malengelenge yakapasuka, na sikuyahisi hadi jioni. Masuke yakageuka vumbi jekundu, vumbi likageuka punje. Nilipoinua fimbo mara ya mwisho nikakuta hakuna cha kupiga.

Shangazi hakunisifu. Aliinuka, akachukua ungo, akaanza kupepeta.

"Ona, ndege yao imetoka," akasema mtani wangu.

"Nyamaza wewe, utapeperushwa," akamjibu bila kumtazama. Kisha akaniambia mimi: "Sauti yako kama ndama aliyepotezana na mama yake. Kesho unakwenda kuchukua hiyo karatasi?"

Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa ameshaishika futi, amenisogelea, ananipima mabega mbele za watu.

"Nakwenda, Shangazi."

"Basi pita chini."

Yaani nisipande barabarani. Nivuke kule kwenye magogo, nipite nyuma ya mashamba kama wanavyopita wao wakienda mjini.

Ijumaa shati lilichelewa kwa sababu ya kola, na mke wangu haharakishwi wala hashoni haraka. Ilikuwa alasiri tulipofika mtaroni, na upande wa pili watu walikuwa wamejaa. Nilikuwa na viatu vyangu vile vilivyoimbwa. Nikakanyaga gogo la kushoto, likageuka kidogo, nikaelewa papo hapo kwa mguu jambo nililoliandika mara tatu bila kulijua: linageukia ndani, ndiyo maana Shangazi alianguka kwa mgongo. Nilivuka nimeinama, mikono imepanuka, kama mtu anayembembeleza mbuzi. Hakuna aliyecheka mpaka nilipofika ng'ambo. Hapo wakacheka wote, na mke wangu akavuka nyuma yangu kwa hatua ndefu mbili tu, mkoba begani.

Wagombea wengine walisindikizwa na pikipiki na honi. Mimi nilisindikizwa na mkokoteni wa maksai. Mtani wangu alisisitiza, akasema hataki historia iandike kwamba Mfipa alikwenda kwa miguu. Nikapanda, Shangazi akapanda, wengine wakafuata kwa miguu na kwa urahisi kabisa, kwa sababu maksai wale hawajui habari ya saa kumi. Tulipita nyuma ya mashamba. Nikatazama jua. Nikatazama simu.

"Msukuma, hawa hawana mwendo mwingine?"

"Wanao. Huu ndio ule wa haraka."

Tulipoanza kuyaona mabati ya ofisi ya kata nikaruka chini, nikakimbia. Mtu mzima, shati jipya, nakimbia katikati ya mahindi makavu huku vijana wa bodaboda wakipiga honi na mke wangu akipiga kelele nyuma, "Kola! Angalia kola!" Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo tangu siku ya matokeo ya kidato cha sita.

Mhudumu alikuwa ameshaanza kufunga dirisha.

"Mzee, mbona mnakuja dakika za mwisho? Si unakaa hapo juu tu?"

"Nimepita chini," nikasema, nikihema.

Akanitazama viatu, akalifungua tena dirisha. Nikasaini kwa mkono uliofungwa kitambaa, maandishi yakatoka kama ya mtoto. Nilipogeuka kutoka na fomu yangu kifuani, nilisikia mkokoteni ukiingia uwanjani na sauti ya Shangazi ikiwa imeshatangulia. Kulikuwa na ubeti mpya tayari, kuhusu mwanamume fulani aliyeshindwa kuwasubiri ng'ombe na bado anaomba kura za watu. Nikasimama pale mlangoni nikisubiri zamu ya waitikiaji ifike, nami niitikie.